Betri mpya, tatizo lilelile: Kwa nini pikipiki ya zamani haichaji?

Honi inakoroma, indiketa haziwaki vizuri na starta ikibonyezwa inalia mara moja kisha kimya. Wamiliki wengi wa pikipiki za zamani wakiona dalili hizi hukimbilia kununua betri mpya. Wiki moja au mbili mambo huwa mazuri, kisha tatizo linarudi.

Kwa dereva wa bodaboda, hiyo ni hesabu ya bosi imepotea bila faida. Na taa ikizimika usiku barabarani, hasara inaweza kuwa kubwa kuliko bei ya betri. Mara nyingi betri si chanzo cha ugonjwa. Ni ya kwanza tu kuonyesha dalili.

Umeme unatoka wapi?

Betri haitengenezi umeme wa kuendeshea pikipiki, inautunza tu. Umeme hutengenezwa ubavuni mwa injini, ambako sumaku huzunguka na koili za waya wa shaba zimetulia. Umeme huo hugeuka mwelekeo mara nyingi kwa sekunde, na betri haiwezi kuupokea ukiwa hivyo.

Ndipo inapoingia rektifaya, kifaa kidogo chenye mapezi ya kupoza joto. Hunyoosha umeme uelekee upande mmoja na kuzuia volti zisipande kupita kiasi. Kasoro ikiwa kwenye koili, rektifaya au waya wowote kati yake, hata betri mpya itaisha.

Kipimo cha kwanza: betri

Unahitaji multimita, kile kipimo chenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Namba zinazofuata ni za mfumo wa volti 12. Baadhi ya pikipiki za miaka ya 1970 hutumia volti 6.

Pima betri baada ya pikipiki kulala usiku kucha. Volti 12.6 au zaidi maana yake imejaa. Ikikaribia 12.0, imekwisha, hivyo ichajishe kwanza kabla ya kuendelea, kwa sababu betri tupu hupotosha vipimo vingine.

Ikishajaa, itoe kwenye pikipiki na uiache usiku mmoja. Ikishuka sana ikiwa peke yake, imechoka. Ikishuka pale tu inapokuwa imefungwa, kuna kitu kinanyonya umeme, kwa mfano kengele ya wizi au chaja ya simu iliyoongezwa.

Kipimo cha pili: injini ikinguruma

Washa injini, gusisha multimita kwenye vichwa vya betri, kisha ongeza mafuta kiasi. Volti zikiwa kati ya 13.5 na 14.5, chaji inafika. Zikibaki chini ya 13, haifiki vya kutosha. Zikipita 15, rektifaya haizuii tena: maji ya betri yatachemka na globu zitaungua.

Usichomoe betri injini ikiwa inanguruma ili "kujaribu chaji". Volti zinaweza kuruka ghafla na kuunguza rektifaya au vifaa vingine.

Kipimo cha tatu: waya na soketi

Kabla ya kulaumu rektifaya, fuata waya. Kwenye pikipiki ya miaka mingi, kutu ya kijani ndani ya soketi au plastiki iliyoyeyuka ni ushahidi tosha kwamba umeme unapotelea hapo. Safisha, kaza, na badilisha soketi iliyoungua.

Pima pia kati ya kichwa hasi cha betri na chuma kitupu cha injini, injini ikiwa inanguruma na taa zimewashwa. Namba iwe karibu na sifuri. Ikizidi volti 0.3, waya wa athi umelegea au una kutu.

Kipimo cha nne: koili

Kama pikipiki yako ina waya tatu za njano kutoka kwenye injini, chomoa soketi yake na uweke multimita kwenye AC. Washa injini, upime waya mbili mbili hadi jozi zote tatu ziishe. Namba zilingane, na zipande pamoja mwendo wa injini ukiongezeka. Jozi moja ikiwa chini sana, koili imeungua.

Kisha zima injini na weka kwenye alama ya omu. Kati ya waya yoyote ya njano na chuma cha injini kusiwe na mawasiliano. Pikipiki nyingi ndogo zenye waya moja au mbili ni tofauti: koili zao zimeungwa kwenye injini tangu kiwandani.

Koili ikiwa nzima, waya safi na betri nzuri, lakini chaji bado haifiki au inazidi, hapo ndipo rektifaya inunuliwe.

Mambo ya kuzingatia

Koili za pikipiki ya zamani zilipimwa kwa globu zake za kiwandani. Ukiongeza taa kali na redio, zinaweza kuzidiwa hata zikiwa nzima. Betri ya kujazwa maji iongezwe maji yaliyotoneshwa, si asidi, na usivute sigara karibu nayo inapochajiwa, kwa kuwa hutoa gesi inayoweza kulipuka.

Ukienda kwa fundi, andika namba ulizopata. Akikuambia ununue kifaa fulani, mwombe akuonyeshe kwenye multimita kwa nini.