Mtoto akitolewa damu ya utafiti, majibu yanarudi kwa nani?

Mzazi akikubali mwanawe atolewe damu kwa ajili ya utafiti, angependa kujua kilichopatikana. Lakini majibu mara nyingi huishia kwenye majarida ya Kiingereza, mengine ya kulipia.

Chukua chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyotengenezwa na kampuni ya GSK ya Uingereza. Kati ya 2009 na 2014 ilijaribiwa kwa watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, vikiwemo Bagamoyo na Korogwe kwa Tanzania, na Kilifi, Siaya na Kombewa kwa Kenya. Matokeo ya mwisho yakatoka 2015 kwenye jarida la The Lancet, London. Kwa watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kumaliza dozi nne, ilizuia karibu visa 4 kati ya 10 vya malaria kwa miaka minne.

Sasa hiyo "4 kati ya 10" mweleze mtu sokoni uone. Haina maana kwamba watoto wanne wamekingwa kabisa na sita wameachwa. Maana yake, pale ambapo wasiochanjwa wangeugua mara 10, waliochanjwa wanaugua kama mara 6. Kwa hiyo chandarua hakitolewi kitandani. Mama asiyeambiwa hivyo, mtoto akishikwa na homa baada ya sindano, atasema chanjo ni feki. Na utamlaumu vipi?

Kilifi hili walishaliona. Kituo cha KEMRI na Wellcome Trust, kinachoshirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford tangu 1989, kiliandamwa na uvumi kuhusu damu: inapelekwa wapi, inafanyiwa nini? Mabango peke yake yasingetosha. Wakazi wakachagua wawakilishi wao, watu wanaojulikana mtaani, wakutane na watafiti, wawaulize maswali, kisha warudishe habari nyumbani kwa Kiswahili na Kigiriama. Wanafunzi nao hukaribishwa kuona maabara kwa macho yao.

Wewe ukiombwa mwanao ashiriki, uliza kabla ya kutia sahihi: damu kiasi gani? Itasafirishwa nje? Majibu nitaletewa lini, na kwa lugha gani? Ukibadili mawazo katikati, una haki ya kumtoa, na hatakiwi kunyimwa matibabu yake ya kawaida kwa sababu hiyo.