Joto na Umeme katika Kutibu Viungo



Neno kukanda ni la zamani katika lugha yetu, na lina kazi nyingi. Mwanamke hukanda unga. Mtu hukanda mgongo wa mwenzake uliokaza. Na mgonjwa hukandwa kwa nguo iliyochovywa katika maji ya moto. Wazee walitumia neno moja kwa kazi ya mkono na kwa kazi ya moto, wala hawakukosea, maana katika tiba ya viungo mambo hayo mawili hayaachani. Leo nataka kueleza habari za moto huo, na za mdogo wake, umeme: jinsi zinavyofanya kazi mwilini, mahali zinapofaa, na mahali zinapoweza kumpotezea mtu kiungo chake.

Aendaye Ilagala, kusini ya Ujiji, karibu na mahali mto Malagarasi unapoingia katika Ziwa Tanganyika, atawaona watu ambao kazi zao ni za mabega na viuno. Wavuvi wa dagaa hukesha ziwani na taa zao, wakivuta nyavu nzito. Alfajiri warudipo, bega halitaki kuinuka. Wakamuaji wa mawese huinama juu ya mapipa na kubeba mikungu ya michikichi kichwani. Watu wa namna hii hawaendi hospitali kwa maumivu ya bega. Hujichua kwa mafuta, au huchukua chumvi, wakaikaanga, wakaifunga katika kitambaa na kuibandika mahali panapouma. Na chumvi si ya kutafutwa mbali, kwa kuwa chemchemi za Uvinza, juu ya mto huo huo Malagarasi, zimewapa watu chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Basi, joto hilo lafanya nini? Likiingia katika ngozi, mishipa midogo ya damu hutanuka na damu hupita kwa wingi. Msuli uliojikaza kwa kulinda mahali penye maumivu hulegea. Nyuzi zinazofunga kiungo, ambazo zimekakamaa kwa kukaa siku nyingi bila kunyoshwa, huwa kama nta iliyosogezwa karibu na moto: huvutika kidogo bila kukatika. Na mishipa ya fahamu inayopeleka habari ya joto kwenye ubongo hushindana na ile inayopeleka habari ya maumivu, hata maumivu yakapungua. Walakini joto la kitambaa halifiki mbali. Hupenya sentimita moja au mbili tu, kisha damu ipitayo hulichukua na kulitawanya. Kwa hiyo kidole, kifundo cha mkono na goti hulipata; nyonga ya mtu mnene hailipati kabisa, hata akandwe mchana kutwa.

Tena lina wakati wake. Kiungo kilichoteguka leo kimejaa damu iliyovuja ndani. Ukikipasha moto, waifungulia damu mlango, na uvimbe wazidi. Kwa siku mbili tatu za kwanza ni afadhali kitambaa cha maji baridi. Joto ni la maumivu yaliyokaa, na la viungo vilivyokakamaa.

Lililo kubwa ni kwamba joto peke yake haliponyi kiungo; hukifungulia njia kiweze kujongezwa. Jambo hili lilionyeshwa na mwuguzi mmoja wa Australia, Elizabeth Kenny, aliyezaliwa mwaka 1880. Siku zile mtoto aliyeshikwa na polio alifungwa miguu katika vipande vya mbao au plasta, asijongee kwa majuma mengi, kwa kuwa madaktari waliogopa viungo visipinde. Kenny alifanya kinyume. Alikata mablanketi ya sufu vipande vipande, akavichovya katika maji yanayochemka, akavikamua kabisa, akavizungushia misuli ya mtoto iliyokaza na kuuma. Maumivu yalipopungua, alianza kuujongeza mguu polepole, akimfundisha mtoto kuujongeza mwenyewe. Madaktari walimpinga kwa miaka mingi, na maelezo yake juu ya ugonjwa wenyewe hayakuwa sahihi yote. Lakini alipokwenda Marekani mwaka 1940, njia yake ilikubaliwa katika hospitali nyingi. Angalieni vema: vitambaa vile havikufufua mshipa wa fahamu uliokufa. Viliondoa maumivu, na kujongea kukafanya kazi iliyobaki.

Sasa nije kwenye hatari, na hapa nitakawia. Mwaka 1947 wataalamu wawili wa Marekani, Moritz na Henriques, walitoa hesabu ya joto na muda unaotosha kuiunguza ngozi. Maji ya digrii 49 za sentigredi yahitaji dakika kadhaa. Maji ya digrii 60 yahitaji sekunde tano hivi. Maji yanayochemka yanakaribia digrii 100. Na chumvi kavu katika kikaango, kwa kuwa haina maji ya kuchemka, yaweza kupita hapo bila kutoa moshi wala kuonyesha dalili yo yote. Je, mtu mzima hujuaje kwamba kitambaa kimezidi moto? Hujua kwa sababu kinamwuma, naye hukitupa. Maumivu ndiyo mlinzi wake.

Lakini wako watu ambao mlinzi huyo amelala. Mtu mwenye ukoma, ambao hula mishipa ya fahamu ya mikono na miguu. Mtu aliyeugua kisukari kwa miaka mingi, ambaye nyayo zake zimekufa ganzi. Mtu aliyepigwa na kiharusi, ambaye upande mmoja wa mwili hausikii vizuri. Hao ndio wanaolalamika kwamba miguu ni baridi au mizito, na ndugu zao kwa huruma huwawekea chupa ya maji ya moto miguuni usiku. Asubuhi ngozi imevuka, na mgonjwa hakusikia neno. Kidonda cha mguu wa kisukari chaweza kuishia katika kukatwa mguu, na chanzo chake kikawa chupa iliyotiwa maji kwa mapenzi mema. Kwa sababu hii mtaalamu wa tiba ya viungo, kabla ya kuweka joto lo lote, huchukua vichupa viwili, kimoja cha maji ya moto ya kadiri na kimoja cha maji baridi, akagusa ngozi ya mgonjwa aliyefumba macho na kumwuliza kila mara: Hiki ni cha moto au cha baridi? Asiyeweza kujibu sawasawa hakandwi kwa moto mahali hapo. Jaribio hili halihitaji hospitali. Vijiko viwili vya nyumbani vyatosha, kimoja kimetoka katika maji ya uvuguvugu na kingine katika maji ya mtungi.

Naomba akina mama wanisikilize pia juu ya mzazi aliyetoka kujifungua. Katika nyumba nyingi hukandwa tumbo kwa maji ya moto sana, ati damu mbaya itoke. Tumbo la uzazi hujikunja lenyewe na kurudi mahali pake, na mtoto anyonyapo ziwa la mama yake huzidi kulisaidia. Maji ya moto hayaongezi kitu katika kazi hiyo. Yanayoongeza ni malengelenge. Mama mkwe anayetaka kumwonyesha mkwewe upendo ampe uji mzuri, ampokee mtoto, amwache alale.

Tuendelee. Nimesema joto la kitambaa halipenyi ndani. Watu wa elimu walitafuta njia ya kulifikisha mbali zaidi, na njia waliyoipata ni jamaa ya redio. Katika miaka ya 1890 Mfaransa d'Arsonval aliona kwamba umeme ukigeuka mbele na nyuma kwa haraka mno, waweza kupita katika mwili wa mtu bila kumtetemesha. Husikia joto tu. Kutokana na hayo ikatengenezwa mashine iitwayo diathemia ya mawimbi mafupi, ambayo umeme wake hugeuka mara milioni 27 na zaidi katika sekunde moja. Mawimbi yake yana urefu wa mita 11 hivi, nayo ni ya ukoo ule ule wa mawimbi yanayochukua sauti kuvuka bahari. Yakipita katika paja, maji na chumvi zilizomo mwilini hupata joto sentimita kadhaa ndani, na ngozi ya juu isiungue. Ila chuma kilichofungwa mfupani huweza kukusanya joto na kuunguza nyama iliyo karibu, na kifaa kinachoongoza mapigo ya moyo huweza kuchafuliwa kazi yake. Mgonjwa mwenye vitu hivyo hana budi kusema mapema, asingoje kuulizwa.

Umeme wa namna nyingine haupashi joto, bali hugusa mishipa ya fahamu. Huu watu wa Ilagala hawahitaji kuambiwa na mwalimu. Katika Ziwa Tanganyika yumo samaki wa jamii ya kambare, mnene, asiye na magamba, mwenye ndevu mdomoni, ambaye mvuvi akimshika kwa mkono uliolowa hupigwa hata bega likatetemeka. Mwaka 2000 wataalamu walimpa jina la kisayansi linalotokana na ziwa lenyewe, Malapterurus tanganyikaensis. Ndugu zake wa Afrika huweza kutoa umeme wa volti 300 na zaidi, na Wamisri wa kale walimchora yule wa Nile katika makaburi yao.

Tena samaki wenye umeme ndio waliokuwa mashine za kwanza za tiba hii. Karibu na mwaka 47 baada ya Kristo, mganga wa Kirumi Scribonius Largus aliandika kwamba mgonjwa wa jongo asimame ufukoni, juu ya mchanga uliolowa, akikanyaga samaki wa baharini aliye hai mwenye nguvu hizo, mpaka mguu ufe ganzi hadi gotini. Samaki huyo alimweka hata juu ya kichwa cha mwenye maumivu ya kichwa. Msijaribu jambo hili na samaki wa ziwani! Nguvu zake hazina kipimo, na mtu aliyeshtuka ndani ya maji huzama.

Sababu ya kutulia kwa maumivu ilikaa gizani hata mwaka 1965, Melzack na Wall walipoeleza kwamba katika uti wa mgongo pana kitu kama lango. Habari ya maumivu hupita hapo kwenda kwenye ubongo. Lakini habari ya mguso ikija kwa wingi, lango hufungwa kidogo. Ndiyo maana mtoto aliyejikwaa hukimbilia kujisugua ugoko. Mashine ndogo ya betri, yenye vibandiko viwili vya kuweka katika ngozi, hufanya kazi hiyo ya kusugua: hupeleka mapigo madogo ya umeme, pengine mia katika sekunde moja, na mtu husikia mchonyoto kama wa mguu uliokaliwa. Ikizimwa, mara nyingi faida yake haidumu.

Kazi nyingine ya umeme ni kuuamsha msuli. Galvani wa Bologna alitangaza mwaka 1791 jinsi miguu ya chura aliyekufa ilivyoruka kwa umeme, na mwaka 1961 Liberson na wenzake huko Marekani walitangaza matumizi ya jambo hilo kwa wagonjwa wa kiharusi. Mtu huyo huburuta ncha ya mguu atembeapo. Walimfunga kifaa kilichoamsha msuli wa mbele ya ugoko kila alipoinua kisigino, nao mguu ukainuka kwa wakati wake. Hili nalihesabu kuwa zuri kuliko yote niliyoyataja, kwa sababu umeme hapa haumlazi mgonjwa kitandani, humtembeza.

Lakini mashine ni ghali, na sifa zake huvuma kuliko matendo. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mashauri yake juu ya maumivu ya kiuno ya siku nyingi. Halikuishauri ile mashine ndogo ya vibandiko kuwa tiba ya kawaida ya kiuno, wala ile ya mawimbi ya sauti ambayo wengi huipenda. Lililosifiwa ni mazoezi yaliyopangwa, na kumfundisha mgonjwa aijue hali yake. Basi mtu akitaka kukuuzia mashine ya umeme sokoni na kudai yaponya kiuno, macho na figo kwa pamoja, mwachie mashine yake. Na ukienda hospitali, ukapewa joto nusu saa kisha ukaambiwa nenda zako, uliza kwa adabu: Je, nijongeze kiungo namna gani? Wataalamu wa kujibu swali hilo hufundishwa hapa hapa Tanzania, kama huko KCMC, Moshi.

Kwa mvuvi mwenye bega lililokakamaa, ambaye hajaanguka wala hana homa, wala mkono wake hauna ganzi, naye hawezi kufika mjini wiki hii, afanye hivi. Achovye taulo katika maji ya moto, alikamue mpaka lisidondoke hata tone, aligeuze mara mbili hewani, kisha mtu mwingine aliguse kwa ngozi ya ndani ya mkono kabla halijawekwa begani. Likae dakika 15 au 20, likibadilishwa linapopoa. Asilale usingizi nalo. Kisha, bega lingali na joto, asimame akiukabili ukuta, apandishe vidole juu ya ukuta polepole kama buibui mpaka pale anaposikia kuvutwa, si kuchomwa, ashushe, arudie mara kumi. Pale vidole vilipofika atie alama kwa mkaa, na kesho yake atafute kuipita kwa upana wa kidole kimoja.