Kiondo Changu na Kalamu Nyekundu

Jumamosi moja nilitoka nyumbani mtaani Jericho nikabeba kiondo changu hadi soko la Kariokor, ambako sahibu yangu mmoja, msusi hodari, huvitia vyondo mikanda ya ngozi. Nilikuwa nimekisuka kwa majuma matatu, kila usiku baada ya kusahihisha madaftari, kwa nyuzi za katani nilizozisokota pajani kama alivyonifunza nyanya kule Machakos. Nilitumaini kukiuza nipunguze karo ya mwanangu. Kusema kweli, nilikwenda kusifiwa.

Hakunisifu. Alikiweka sakafuni, nacho kikalala upande.

"Mwalimu," akasema, "rangi zinapendeza, lakini kitako kimelegea. Ulianza kwa haraka, nyuzi hukuzikaza. Nikikitia mkanda nitakuwa nimekudanganya wewe na atakayekinunua."

Nilicheka kicheko kisichotoka moyoni, nikakitwaa kiondo changu na kwenda zangu. Njia nzima nilimtafutia kasoro: ati ana wivu, ati anachelea mshindani. Jioni, niliposhika kalamu nyekundu, nikaona haya. Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 na kutilia mkazo kazi za mikono, walimu wengi wa rika langu tumekosoa vikapu vya watoto wa watu na kuwaonya wasinune. Kumbe mimi mwenyewe siwezi kustahimili maneno machache!

Basi nikakiweka kiondo sakafuni kwa mkono wangu. Kikaanguka tena. Sakafu haina wivu.

Tusidhani kwamba mafundi stadi hawakosolewi. Yale majiko ya makaa yenye udongo ndani, yaliyoenea nchini kuanzia miaka ya 1980, hayakuzaliwa kamili. Udongo wa majiko ya awali ulikuwa ukipasuka, na wapishi, wengi wao kina mama, wakasema waziwazi. Umbo likabadilishwa, likabanwa kiunoni. Lau wabunifu wake wangalinuna, jiko hilo lisingalifika katika jikoni nyingi za mitaa yetu ya Eastlands.

Wahenga walinena, mficha uchi hazai. Anayetaka ufundi hana budi kuionyesha kazi yake kwa ajuaye zaidi, kisha anyamaze asikilize, na aipime kasoro aliyotajiwa kabla ya kumpima aliyeitaja. Rafiki asiyejua kusuka atakusifu bure. Ajuaye akinyamaza, hasara ni yako.

Nilikifumua kiondo hadi kitakoni, nikaanza upya. Niliporudi Kariokor, sahibu yangu alikibonyeza, akakisimamisha, akachukua sindano. Kisha akasema mdomo umepinda kidogo.

Safari hii sikucheka. Nilimwuliza, "Wapi?"

Wanafunzi, na walimu wenzangu, tujizoeze kuuliza swali hilo. Lina elimu kuliko mnuno wa mwezi mzima.