Utangulizi: Kutengeneza Jino Linalosubiri Kung'oka

"Si ya utoto tu hayo? Yatang'oka yenyewe." Mzazi husema hivyo kwa nia njema, na kumjibu ndiko kuingia katika taaluma hii ya meno ya watoto. Karibu. Mtoto wa miaka 2 ambaye meno yake ya mbele ya juu yameoza hadi karibu na fizi ataishi nayo mpaka afike miaka 6 au 7. Hiyo ni miaka mingi ya kuumwa kila anapokula.

Kwa nini ya juu, na ya chini yanasalimika? Mtoto akilala na chupa ya maziwa au chai ya sukari, mate hupungua na kinywaji hutuama kwenye meno ya juu. Ya chini hukingwa na ulimi, huku yakioshwa na mate yanayotoka chini yake. Isitoshe, gamba la jino la utoto ni jembamba na kiini chake chenye mishipa ni kikubwa, hivyo uozo hufika ndani upesi.

Wapo wanaowatisha wazazi kwamba jino la mbele likitolewa mapema, nafasi itaziba na ya ukubwani yatapandana. Sikubaliani nao, hatari hiyo iko zaidi kwenye magego. Sababu zetu za kulitengeneza ni maumivu, usaha unaoweza kudhuru jino changa lililo chini, na mtoto anayeziba mdomo kwa kiganja akicheka.

Njia inayopendeza zaidi ni kofia angavu ya plastiki: hujazwa kompositi yenye rangi ya jino, huvalishwa, humulikwa kwa mwanga wa bluu mpaka kompositi igande, kisha plastiki hubanduliwa. Damu au mate yakiingia, haishiki. Kofia ya zirkonia ni imara zaidi, lakini jino huchongwa sana ili iingie, wala haikunjiki ukingoni kama ya chuma.

Uozo ukishafika kwenye kiini, mzizi husafishwa na kujazwa dawa. Hapa ndipo tunapoachana na wenzetu wa meno ya watu wazima: dawa yetu lazima iyeyuke pamoja na mzizi, jino jipya lipate njia. Tunajenga kitu imara huku tukipanga kuondoka kwake, na kwangu huo ndio uzuri wa kazi hii.

Pasipo vifaa hivyo, zipo njia nyingine. Kukwangua uozo kwa zana za mkono na kuziba bila umeme kulianzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Huliwahi jino kabla halijamomonyoka. Dawa ya fedha na floraidi, iliyoingizwa na WHO katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2021, husimamisha uozo ingawa huacha weusi. Mweleze mzazi weusi huo kabla ya kupaka.

Sura ya kwanza inahusu uchunguzi wa goti kwa goti: mzazi na daktari wameketi wakitazamana, mtoto amelala kati yao, kichwa mapajani mwa daktari. Hapo hapo ndipo unapouliza habari za chupa ya usiku, maana isipoachwa, kofia itavalishwa na uozo utarudi pembeni yake.