Selo, Nduguye Fidla

Mkaazi wa Likoni, Kisauni au Changamwe aliyezoea taarabu za arusini atakutajia ala bila kufikiri: udi, tashkota, dumbaki, harmonia, na siku hizi kinanda cha umeme kinachotaka kuzifukuza zote. Lakini muulize selo ni nini, huenda akadhani ni jina la mtu.

Selo ni ndugu mkubwa wa fidla. Ilianza kuundwa Italia katika karne ya 16. Ina nyuzi nne, na mwili wake wa mbao una urefu wa sentimita 75 hivi. Kwa ukubwa huo haiwekwi begani. Mpigaji huketi, akaishika baina ya magoti, ncha yake ikakita sakafuni, kisha akaisugua kwa upinde wa singa za farasi. Watu husema sauti yake yafanana na ya mwanamume aimbaye. Mimi nasema ni ya mzee anayehadithia, wala hana haraka.

Wazungu waliitungia mengi. Bach peke yake aliiachia tungo sita za kupigwa bila ala nyingine. Lakini katika taarabu selo imeingia kwa mlango wa Misri. Bendi iliyompigia Umm Kulthum ilikuwa nazo, na mfano huo wa Kairo ukafuatwa Unguja. Wasikilizeni Culture Musical Club, walioanza 1958: fidla zapaa juu, selo yazishikilia kwa chini.

Mombasa tulishika njia nyingine. Marehemu Juma Bhalo, aliyefariki 2014, alipenda mahadhi ya Kihindi na harmonia yake. Marehemu Zein l'Abdin, aliyetutoka 2016, alitosheka na udi. Simlaumu yeyote, kwani bendi kubwa ni gharama. Ila jambo moja lanikera. Sauti iliyo baina ya kitufe na kitufe cha harmonia haipatikani, na maqamu kama rasti na bayati zaitaka sauti hiyo. Selo haina vigawanyo shingoni. Kidole chateleza hadi pale sikio litakapo. Vijana wetu wakizoea vitufe pekee, iko siku watausikia udi wa Zein wadhani umeharibika.

Taabu zake zipo. Joto na unyevu wa pwani hulegeza gundi, na kuivusha feri ya Likoni jioni si mchezo. Atakaye kujifunza, Unguja kuna chuo cha Dhow Countries Music Academy, kilichoanzishwa 2002. Asiyeweza kusafiri na atafute rekodi za Culture, aziache fidla zipite, atege sikio kwa ile sauti ya chini.