Mafuta Hufuata Hewa: Uteuzi wa Injekta katika Kuongeza Nguvu za Injini ya Gari

Utangulizi

Katika gereji za jua kali zilizo baina ya Ruiru na Thika, eneo la Theta likiwemo, vijana wenye magari huwa na ombi moja wanalopenda kumpelekea fundi: "Niwekee nozeli kubwa." Nozeli hapa ni injekta, yaani kifaa kinachonyunyiza petroli ndani ya injini. Kwa mwanafunzi wa lugha, ombi hili lina utata wa kimaana. Injekta mbili zinaweza kuwa na urefu na unene uleule, zikaingia katika tundu lilelile, lakini moja ikamwaga petroli mara mbili ya nyingine. "Ukubwa" unaozungumziwa basi si wa umbo. Ni wingi wa petroli inayopita kwa dakika moja.

Utata huu si wa kuchezea, kwa maana unaweza kumgharimu mwenye gari injini nzima. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi injekta inavyoteuliwa pindi mtu anapotaka kuongeza nguvu za injini. Hoja yetu ya msingi ni kwamba injekta haileti nguvu. Kazi yake ni kulisha nguvu ambayo tayari imeletwa na hewa.

Hewa Kwanza

Injini ya petroli huchoma mchanganyiko wa hewa na mafuta. Kilo 1 ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue kikamilifu. Injini yenye turbo inapokazwa hadi kikomo, aghalabu hupewa petroli zaidi, yaani kilo 1 kwa kilo 11.5 hadi 12.5 za hewa. Petroli hiyo ya ziada hupoza chumba cha mwako na kuzuia mchanganyiko usilipuke kabla ya wakati wake.

Iwapo mtu ataongeza petroli bila kuongeza hewa, petroli hiyo haitapata cha kuungua nacho. Itatoka kwenye eksosi ikiwa moshi mweusi, na nyingine itaosha oili inayolainisha kuta za silinda. Kinyume chake ni hatari zaidi. Hewa ikiongezwa kwa turbo na petroli isiifikie, joto hupanda, mlipuko wa mapema hutokea, na pistoni huweza kutoboka au kuyeyuka katika muda mfupi mno.

Mfano mzuri unapatikana katika historia ya Safari Rally. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda mashindano hayo akiendesha Subaru Impreza. Wakati huo, kanuni za mashindano ya dunia zililazimisha turbo ivute hewa kupitia tundu lenye kipenyo cha milimita 34, na nguvu zikabaki karibu na farasi 300. Waliotunga kanuni hawakuona haja ya kubana petroli. Walijua kwamba ukiibana hewa, umeibana injini.

Hesabu ya Mtiririko

Baada ya kujua nguvu zinazotarajiwa kutokana na hewa, ndipo hesabu ya injekta inapoanza. Tuchukue mfano wa injini ya turbo yenye silinda 4 inayokusudiwa kutoa nguvu za farasi 300. Injini ya aina hii hukadiriwa kutumia takriban gramu 270 za petroli kwa kila nguvu ya farasi kwa saa moja. Tukizidisha 300 kwa 270 tunapata gramu 81,000 kwa saa, au gramu 1,350 kwa dakika. Sentimita mchemraba moja ya petroli ina uzito wa takriban gramu 0.74. Kwa hiyo injini itahitaji takriban sentimita mchemraba 1,824 kwa dakika. Tukigawanya kwa silinda 4, kila injekta itatakiwa kutoa 456.

Je, tununue injekta ya 456? La. Kipimo kinachotajwa na watengenezaji ni cha injekta iliyoachwa wazi muda wote, ilhali ndani ya injini injekta hufunguka na kufungika. Injini inapozunguka mara 6,000 kwa dakika, kila silinda hukamilisha duru moja ya kazi kwa milisekunde 20. Sindano iliyo ndani ya injekta huinuliwa kwa sumaku ya umeme, na huhitaji muda wa kufunguka na wa kurudi mahali pake. Ndiyo maana mafundi wenye uzoefu hawapendi injekta ikae wazi zaidi ya asilimia 80 ya muda huo, yaani milisekunde 16. Tukigawanya 456 kwa 0.8 tunapata 570. Hiyo ndiyo injekta ifaayo katika mfano wetu.

Kutoka Theta hadi Mombasa

Hesabu hii ina upande mwingine unaowahusu hasa wakazi wa eneo letu. Ruiru na Thika ziko katika mwinuko wa takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo, shinikizo la hewa huwa limepungua kwa takriban sehemu moja kwa sita likilinganishwa na la pwani. Injini isiyo na turbo huvuta hewa chache hapa kuliko Mombasa. Yenye turbo nayo huathirika, ingawa kwa kiasi kidogo zaidi.

Chukulia kwamba kijana wa Theta, kwa kuona bei, amenunua injekta za 500 badala ya 570. Akipimiwa gari nyumbani ataambiwa injekta zinakaa wazi kwa asilimia 91, na gari litakwenda vizuri. Siku atakapoteremka Mombasa, hewa itakuwa nzito zaidi, kompyuta ya injini itaagiza petroli zaidi, na injekta zitakaribia kuwa wazi muda wote. Hapo hazina akiba tena. Pampu ikilegea kidogo, au chujio likiwa na uchafu, hewa itaizidi petroli. Injini iliyokuwa salama Theta huweza kuharibika Mariakani, na mwenyewe asijue kosa lilifanyika gerejini miezi kadhaa iliyopita.

Mambo Mengine ya Kuzingatia

Kwanza, injekta iliyozidi haja pia ni kosa. Injini inaponguruma bila kwenda, huhitaji petroli kidogo sana. Injekta ya 1,000 italazimika kufunguka kwa muda mfupi mno, ikribie ule muda ambao sindano yenyewe huhitaji ili kuinuka. Matokeo yake ni kwamba kipimo hakitabiriki, injini hutetemeka, na petroli huliwa bure katika msongamano wa magari.

Pili ni shinikizo. Injekta nyingi hupimwa kwa shinikizo la baa 3. Shinikizo likipandishwa hadi baa 4, mtiririko hauongezeki kwa theluthi, kama mtu angedhania, bali kwa takriban asilimia 15, kwa kuwa hufuata kipeuo cha pili cha shinikizo. Injekta ya 500 ingefikia takriban 577. Hii ni njia halali, mradi pampu iimudu. Katika mfano wetu pampu inatakiwa kutoa zaidi ya lita 109 kwa saa, na kila pampu hutoa kidogo zaidi kadiri shinikizo linavyopanda.

Tatu ni ukinzani wa umeme. Zipo injekta zenye ukinzani wa omu 12 hadi 16, na zipo zenye omu 2 au 3 tu. Zile za pili zikiunganishwa na kompyuta iliyoundwa kwa ajili ya zile za kwanza, mkondo wa umeme utakuwa mkubwa kupita kiasi na kompyuta huweza kuungua.

Nne, na hili hupuuzwa sana, injekta zote ziwe sawa. Injekta zilizotumika, zilizotolewa katika magari mbalimbali, huenda zimeziba kwa viwango tofauti. Kihisi cha oksijeni kilicho kwenye eksosi kwa kawaida husoma wastani wa moshi wa silinda zote. Silinda tatu zikipata petroli ya kuzidi na ya nne ikapungukiwa, wastani utaonekana mwema huku silinda ya nne ikiteketea. Kwa hiyo ni busara injekta zisafishwe na kupimwa mtiririko, moja baada ya nyingine, kabla ya kufungwa.

Tano, kompyuta sharti ielezwe. Ikiwa inadhani ingali na injekta za zamani, itaziacha mpya wazi kwa muda uleule na kumwaga petroli kupita kiasi. Ubadilishaji wa injekta bila kurekebisha programu ni kazi iliyofanywa nusu.

Hitimisho

Tumeona kwamba uteuzi wa injekta huanza na hewa, ukafuata nguvu zinazokusudiwa, kisha mtiririko, akiba, shinikizo, ukinzani na usawa wa injekta zote. Tumeona pia kwamba maelezo haya yote yanaweza kutolewa kwa Kiswahili, na mwenye gari na fundi wake wakaelewana. Kinachohitajika ni usahihi wa neno. "Nozeli kubwa" ni matamanio. "Injekta 4 za 570 kwa baa 3, zenye omu 12, zilizopimwa pamoja" ni maelezo ambayo fundi anaweza kuyafanyia kazi, na mteja anaweza kumdai kwayo.

Wahenga walinena kuwa tamaa mbele, mauti nyuma. Kabla ya kumwambia fundi afungue injini, muulize swali moja: hewa ya kulingana na petroli hiyo itatoka wapi? Akikosa jibu, ahirisha kazi.