Vipochi vya GPS Mwanza: soko linalomsubiri fundi wa turubai

Mnunuzi wa GPS ya mkononi wilayani Nyamagana ni nadra kuwa mpanda milima. Kwingine kifaa hiki kimepata umaarufu kwa watembeao porini kujiburudisha. Hapa Mwanza kinashikwa na watu wa kazi: mpima ardhi anayetafuta bikoni iliyofukiwa Buhongwa, mjiolojia anayelala mjini usiku mmoja kabla ya kuelekea Geita, ofisa uvuvi anayezunguka mialo, mvuvi wa sangara anayetaka kurudi alfajiri palepale alipotega nyavu jioni. Wageni wanaopanda miamba ya Kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa iliyo ndani ya jiji lenyewe, ni wachache mno kuunda soko. Kwa hiyo kuchagua kipochi cha kifaa hiki ni sehemu ya gharama za kazi, sawa na mafuta ya gari na posho ya vibarua.

Soko lenyewe bado halijajipanga kumhudumia mteja huyo. Kava za simu na protekta zimejaa, kuanzia Makoroboi hadi Igoma. Mzigo hutoka Guangzhou, ukashushwa Kariakoo, kisha ukapakiwa kwenye basi au lori kuja Kanda ya Ziwa. Kila kava hukatwa kufuata toleo la simu linalouzwa sana, na mwenye duka dogo hawezi kufungia mtaji wake kwenye bidhaa ambayo mteja wake anaweza asionekane mwezi mzima. Kumlaumu ni kutoijua biashara yake. Lakini matokeo yake ni kwamba mwenye GPS hutoka dukani na kipochi cha kamera ya zamani, au kile cha simu cha kuvaa kwenye mkanda, na vyote viwili havimfai: GPS ni nene kuliko simu, na aina nyingine zina antena iliyochomoza juu ambayo haiingii mahali popote pa kawaida.

Mahitaji haya yana zaidi ya miaka 20. Mei 2, 2000, Marekani iliacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia. Kosa lililoweza kufika mita 100 likashuka hadi mita chache, na kifaa cha mkononi kikawa na maana kwa kazi za shambani na porini. Mwaka huohuo Mgodi wa Geita ukaanza uzalishaji. Baadaye Sheria ya Madini ya 2010 ikaendelea kumpa mchimbaji mdogo wa dhahabu leseni ya eneo lisilozidi hekta 10. Hekta 10 zikiwa mraba, kila upande una mita 316 hivi. Kwa eneo dogo namna hiyo, vipimo vya mipaka ndiyo mali yenyewe. Na kwa kuwa kosa la mawimbi limeshapungua, hasara inayomuumiza mpimaji wa leo hutokana zaidi na kifaa kinachozimika katikati ya kazi. Gari limeshakodiwa, vibarua wanasubiri, majirani wameitwa kushuhudia mipaka, na kioo kimepasuka.

Kwa muda mrefu kinga ya bei rahisi kuliko zote ilikuwa mfuko wa rambo. Mtu alifunga kifaa ndani yake, akapiga fundo, akaingia mtumbwini. Kinga hiyo ilifika mwisho Juni 1, 2019, Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Hata vifuko vya zipu ambavyo wageni hubebea sabuni na dawa ya meno viliruhusiwa kwa matarajio kwamba mgeni ataondoka navyo. Marufuku ile ilikuwa na haki yake, na yeyote aliyewahi kuona mifereji ya Mto Mirongo ikiwa imezibwa na plastiki hataililia. Rambo yenyewe ilikuwa kinga mbovu pia: jasho la joto la mchana liligeuka matone ndani ya mfuko, na kifaa kikalowa bila kuguswa na ziwa.

Kabla ya kununua kinga ya maji, mnunuzi asome kwanza kifaa chake. GPS nyingi za mkononi zina alama ya IPX7, maana yake zilipimwa zikavumilia kuzama mita 1 kwa dakika 30. Kipimo hicho hufanywa kwa maji yaliyotulia na kwa kifaa kipya. Mpira unaoziba mlango wa betri hukauka kwa jua na miaka, mchanga hukaa kwenye ukingo wake, na alama iliyo mgongoni inabaki ileile huku kinga imeshaondoka. Hata kwa kifaa kizima, ziwani hatari kubwa ni kukipoteza. GPS ndogo yenye betri zake mbili ina uzito wa gramu 140 hivi na huzama, isipokuwa aina chache zilizotengenezwa zielee. Ziwa Victoria lina kina cha wastani cha mita 40 hivi. Kilichoteleza mkononi hakitafutwi.

Ndiyo maana kwa mvuvi na mtafiti wa samaki ninapendekeza kifuko kisichopitisha maji, chenye hewa ya kutosha ndani kukifanya kielee, chenye rangi kali ya machungwa au njano, na kamba iliyofungwa kwenye mtumbwi au kwenye jaketi la kuokolea maisha. Kifuko cheusi kikidondoka usiku wa kuvua dagaa hakionekani hata kikielea. Kijaribuni kwanza nyumbani: wekeni karatasi ya chooni ndani, mkizamishe kwenye ndoo usiku kucha. Karatasi ikiamka kavu, kifuko kinafaa. Na kwa mikono yenye maji, kifaa cha vitufe hufanya kazi kupitia plastiki vizuri kuliko kioo cha kugusa.

Kwa mtu wa nchi kavu hesabu ni nyingine kabisa. Adui zake ni vumbi la chimbo na mwamba. Mwanza imejengwa juu ya matale, na kifaa kinachodondoka kutoka kiunoni kinagonga jiwe. Kifuko laini cha maji hakimsaidii hapo. Anahitaji kipochi chenye sponji pembeni zote, pembe zilizoongezwa unene, na kifuniko kinachoshuka juu ya mdomo ili vumbi lisiingie. Zipu ndogo za bei rahisi hujaa vumbi na kukwama. Kifungo cha kubonyeza au mkanda wa kupitisha kwenye pete hudumu zaidi. Masanduku magumu ya plastiki kama yale ya Pelican, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa 1976, ni mazuri sana kwa kusafirisha kifaa nyuma ya pikapu, ila mtu hawezi kupima mpaka akiwa amekifungia sandukuni.

Kuna kosa linalofanywa na wauzaji na wanunuzi kwa pamoja, nalo ni kusahau kwamba kifaa hiki lazima kione mbingu. Mawimbi yake hutoka kwenye setelaiti zilizo umbali wa kilomita 20,200 hivi na hufika yakiwa dhaifu mno. Kitambaa, ngozi na plastiki kavu huyapitisha. Bati na alumini huyazuia, na mwili wa mtu, ambao sehemu kubwa ni maji, huyapunguza. Kwa hiyo kipochi cha begani, karibu na shingo, kina faida kuliko cha kiunoni. Vilevile epukeni vipochi vinavyojifunga kwa sumaku, kama vilivyo vingi vya simu: GPS yenye dira ya kielektroniki itapotoshwa na sumaku hiyo, na mwenye nayo atatembea akielekea upande usio wake bila kujua.

Sasa nije kwa fundi. Mwanza ina mafundi wanaoshona viti vya magari, mahema na maturubai ya malori, na ina mafundi viatu wanaojua ngozi vizuri. Malighafi ya kipochi cha nchi kavu wanayo mezani kila siku: turubai zito, mkanda wa nailoni, vipande vya sponji vinavyobaki kwenye viti, plastiki angavu ya dirisha la kusomea kioo, na uzi wa kushonea mahema. Wanaweza kupima kifaa cha mteja, pamoja na antena yake, wakakishonea kipochi chake. Kava linaloletwa kwa kontena haliwezi kutoshea hivyo. Ngozi nayo ipo. Usukuma ni nchi ya ng'ombe. Ngozi ni nzuri kwa chimboni na vilimani, lakini ziwani hunywa maji na kuota ukungu, na fundi mwaminifu atamwambia mteja hivyo kabla ya kupokea malipo ya awali.

Ushuru nao uko upande wa fundi. Tangu Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki ina daraja la nne la ushuru wa pamoja wa forodha, asilimia 35, lililoelekezwa kwenye bidhaa ambazo nchi wanachama zinaweza kuzitengeneza, zikiwemo za ngozi na za nguo. Juu yake kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Kipochi cha ngozi kutoka nje kinapofika Mwanza kimebeba kodi hizo na nauli ya kutoka Dar es Salaam. Cha fundi wa hapa hakina ushuru huo wala nauli hiyo. Udhaifu wake ni mshono usiolingana leo na kesho, na tarehe ya kukabidhi kazi inayosogezwa. Hayo mawili ndiyo yanayomrudisha mteja wa ofisi dukani.

Na mteja wa ofisi ndiye mwenye fedha. Taasisi hununua vifaa kwa mkupuo, kisha vipochi vinaachiwa kila mtumishi ajitafutie. Sheria ya ununuzi wa umma inataka asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi zitengewe makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Halmashauri nazo hutoa mikopo ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha mafundi cherehani kilichosajiliwa kinaweza kununua mashine ya kushonea turubai kwa mkopo huo, kikaingia kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, na kuomba kazi. Maofisa ununuzi wa taasisi zinazofanya kazi Kanda ya Ziwa, mnapoagiza GPS mwaka huu wa fedha, wekeni kipochi kwenye orodha hiyohiyo ya mahitaji, andikeni kama ni cha majini au cha nchi kavu, na mtangaze kazi hiyo kwa vikundi vya hapa Mwanza.